Fundi Aliyehama na Udongo Wake

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Malindi, asubuhi, nikichagua bilingani. Mlamu wake, yaani kaka mkubwa wa mkewe, aliniona kwa mbali akanijia moja kwa moja, na kabla hajanipa mkono nilijua kuwa hakuja kwa salamu za kawaida. "Fundi ametutoka," akaniambia. "Ametutoka alfajiri. Twazika leo baada ya adhuhuri. Ukiweza, njoo." Niliziacha bilingani pale pale nikaenda. Maziko yalichelewa, kwa sababu kule Kakuyuni, kaskazi inapofika mwisho, ardhi huwa ngumu kama sakafu, na waliokuwa wakichimba kaburi ilibidi wamwagie maji, wangoje yazame, wachimbe kidogo, kisha wamwage tena. Sisi tuliokaa nje ya nyumba tulisikia majembe yakigonga. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda kutajwatajwa, na waliobaki hai katika habari hii bado twakutana njiani na kuamkiana.

Nilimjua alipokuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa barazani mwa nyumba moja ya mji wa kale, na suruali zangu zote za ujana zilipitia mikononi mwake. Alikuwa hodari, na alikuwa mkali. Ukimwambia kuwa mguu mmoja wa suruali umezidi mwingine, alikuwa akikutazama miguu kwanza. Miaka hii ya themanini ilipoanza mambo mawili yalimpata kwa pamoja: macho yakaanza kufifia, na mitumba ikaingia sokoni kwa marobota. Mtu aliyekuwa akishonesha kanzu ya Idi na suruali ya kazini sasa alikwenda kuchambua rundo, akapata shati lililovaliwa Ulaya kwa bei ambayo fundi hangeweza hata kununulia kitambaa. Akanunua kofia ya ukindu, akafunga cherehani kwa gunia, akaniambia kwamba anahamia shamba. Sikumwamini. Alikuwa mtu wa mjini, wa kutembea kivulini, kahawa yake saa kumi, na mikono laini ya mtu aliyeshika kitambaa maisha yake yote.

Shamba lenyewe lilikuwa kiwanja cha nyumba tu, pembeni mwa barabara iendayo Kakuyuni, upande wa bondeni. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja akaaye Mombasa, ambaye kiwanja kile kilikuwa kimemlalia miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekitaka. Alimkaribisha fundi kwa masharti yale ambayo watu wa pwani twayajua: jenga nyumba yako, lipa ijara, lima upendavyo, lakini usipande mti. Panda mboga, usipande mti. Sababu yake kila mtu aijua. Mti una mwenyewe. Mtu akipanda mnazi katika ardhi ya mwenziwe, mnazi ule ni wake hata kama ardhi si yake, na siku ya kumhamisha lazima uhesabiwe, alipwe. Fundi akakubali bila kufikiri mara mbili. Alikuwa anataka mchicha na nyanya, hakuwa na haja ya mnazi ambao pengine angekufa kabla haujazaa.

Mara ya kwanza nilipomtembelea ilikuwa katikati ya mvua za mwaka. Kiatu changu kimoja kilibaki njiani, kimenaswa na tope, nami nikafika mlangoni kwake nimekishika kingine mkononi. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu shamba," akasema, "huku udongo wapenda wageni, hauwaachilii." Ulikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, mweusi, mzito. Mvua ikinyesha ulikuwa gundi, maji yakasimama juu yake siku kadhaa bila kupata njia ya kushuka. Jua likiwaka ulipasuka nyufa za kumeza mkono. Fundi alikuwa amekwisha kuupiga jembe ungali maji, kwa haraka zake, na jua lilipoukausha ulikuwa umefanya mabonge ambayo hata kwa nyundo hayakuvunjika. Kisha akasikia mahali kuwa udongo mzito dawa yake ni mchanga. Akaleta mchanga wa mto Sabaki, mkokoteni baada ya mkokoteni, akaumwaga na kuuchanganya. Vikashikana. Ilipofika kaskazi alikuwa ametengeneza kitu ambacho ungeweza kujengea nyumba, lakini si kupandia bamia.

Mkewe ni mtu wa huko huko, mwana wa wakulima, na alikuwa amenyamaza wakati wote huo kwa kuwa alimjua mumewe. Siku mumewe alipotupa jembe na kusema kuwa mahali pale pana laana, ndipo aliposema. Nilikuwapo. "Laana hapana," akamwambia. "Una njaa udongo huu. Wewe waupiga tu, hujaupa kitu ule." Fundi akauliza, kwa kejeli, udongo hula nini. "Mavi ya mbuzi, majani, makumbi, majivu, chochote kilichokuwa hai. Na ukiwa maji usiukanyage. Pita pembeni."

Nataka msomaji afahamu kuwa kazi iliyofuata haikuwa ya msimu mmoja. Walichimba mifereji ya kutoa maji, na udongo waliouchimba wakautupa juu kufanya matuta mapana, ambayo mtu aweza kuyafikia katikati kwa mkono bila kuyakanyaga. Samadi waliileta kutoka mazizi ya kina mlamu, ndani ya makapu, vichwani. Makumbi ya nazi fundi aliyaomba nyumba kwa nyumba, akayapondaponda na kuyatandaza. Majani ya mkorosho, mabua ya mahindi, maganda ya kila kitu kilichomenywa jikoni, vyote vilikwenda juu ya matuta, vikaachwa vioze polepole. Hata vitambaa: alikuwa na magunia ya vipande vilivyosalia kazini, naye akavifukia. Baadaye alinionyesha akicheka kwamba pamba yote ilikuwa imeliwa na udongo ikaisha, lakini tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, imebaki kama alivyoizika, rangi ile ile. "Watu walinilipa zaidi kwa tetroni," akasema. "Udongo hauitaki hata bure."

Misimu ikapita. Nilikuwa nikienda mara moja moja, na kila mara nilikuta kitu kimebadilika. Kwanza maji yakaanza kuzama. Kisha nyungunyungu wakaja, na mtu ambaye zamani alikuwa akiruka akiona mdudu katika kitambaa sasa aliniita nje ili nitazame mnyoo. Mchicha ulipanda hadi magotini. Bilingani zilining'inia nyeusi, zinang'aa. Asubuhi moja alichota udongo kwa kiganja, akaufinya, akafungua mkono. Ukakaa kidogo katika umbo la vidole vyake, kisha akaugusa kwa kidole cha shahada ukamomonyoka wote. Akanitazama. Uso ule niliwahi kuuona zamani, kila alipomvika mtu koti na likamkaa. Wanawake wa mjini walikuwa wakitembea mpaka kwake kununua mboga, na waliopita barabarani walisimama kutazama, kwa sababu pande zote za kiwanja kile ardhi ilikuwa imepasuka na majani yamekauka, na pale katikati palikuwa na kijani.

Nadhani ni kijani hicho kilichowaponza. Mzee wa Mombasa alifariki, na mwanawe akaja kutazama urithi. Sitaki kumsema vibaya mtu yule. Alikuwa na ndugu wa kugawana nao, na miaka hii kila aliye na kipande cha ardhi Malindi anajiwa na madalali, mmoja ataka kujenga, mwingine ana mgeni atakaye bustani. Lakini nakumbuka maneno yake ya kwanza aliposimama pembeni mwa matuta. "Baba alituambia kiwanja hiki hakifai kitu," akasema. "Mbona chafaa?" Fundi, badala ya kuogopa, aliona amesifiwa. Akamtembeza, akamweleza habari za samadi na makumbi, akamfungia mboga za kupeleka nyumbani. Mwezi haukwisha akaletewa habari kwamba mwenye ardhi anaitaka ardhi yake.

Shauri lilisikizwa na chifu mbele ya watu, na wengi tulikwenda. Chifu alikuwa mtu mwema, naye alifuata desturi kama ijulikanavyo. Nyumba? Nyumba ni ya fundi, italipwa. Mimea iliyosimama? Atangojewa avune. Miti? Chifu akauliza kuna miti mingapi. Hakukuwa na hata mmoja. Fundi alikuwa ametimiza ahadi. "Basi shauri limekwisha," chifu akasema.

"Halijesha," fundi akajibu. "Na udongo?"

"Udongo ndio ardhi, mzee wangu. Na ardhi ina mwenyewe."

"Ardhi ni yake, sikatai. Mimi nasema ule nilioutia mimi. Ardhi aliyonipa babake ilikuwa tofali. Hii iliyopo sasa nimeifanya kwa mikono yangu na ya mke wangu. Samadi imetoka kwa walamu zangu. Makumbi nimeyaomba. Vyote hivyo ni vya nani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Chifu alikuna kidevu. Niliona kwamba swali lile lilimgusa, lakini hakuwa na mahali pa kuliweka. Mnazi una bei, mwembe una bei, hata mkorosho mzee usiozaa una bei. Yule mrithi, ambaye alikuwa amechoka na jua na maneno, akainuka. "Basi chukua mavi yako ya mbuzi uende nayo!" Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Aligeuka polepole akamtazama chifu. "Umemsikia?" akauliza. Chifu, ambaye naye alikuwa akitabasamu, akasema amesikia. "Nanyi mmesikia?" Tukasema tumesikia. Hakuna aliyefahamu alichokuwa amekiwaza, isipokuwa mkewe, ambaye alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake. Nilimwona akishika kichwa kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata fundi alikodi mikokoteni akaanza kuuhamisha udongo. Kina mlamu walikuwa wamempa mahali pa kukaa Kakuyuni, kwenye ardhi yao, na huko ndiko alikoupeleka. Alikata matuta kwa sepetu, kina cha jembe na zaidi, akajaza magunia. Majirani walikuja kutazama, kisha wakaanza kusaidia, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa hasira, kila mtu na hasira yake, kwa kuwa karibu kila aliyekuwapo pale alikuwa amejenga katika ardhi ya mtu. Mkewe peke yake hakugusa gunia. "Bwana," akamwambia mbele yetu, jambo ambalo si desturi yake, "udongo si nguo, ukaukata hapa ukaushona pale. Ule una tumbo lake. Ukiuvunja, umekufa. Tuache. Twende tukaanze upya polepole."

"Nimuachie?" fundi akasema. "Aje auze jasho langu?"

"Auze. Sisi tutakuwa na mikono yetu."

Hakumsikia. Alikuwa kama mtu aliyeibiwa ambaye amemwona mwizi na kitu chake mkononi. Mrithi alipopata habari akaja mbio na kupiga kelele, lakini chifu alimkumbusha maneno yake mwenyewe na watu walioyasikia. Alipoondoka kwa mwisho fundi aliacha shimo kubwa la mfinyanzi mtupu, lililokatwa pembe sawasawa, kwa kuwa hata katika hasira alikuwa fundi. Mwaka ule mvua zilipokuja shimo lilijaa maji, likawa dimbwi la vyura na mbu. Mnunuzi aliyekuwa akizungumziwa hakuonekana tena. Watu wa mjini walicheka na kusimulia, na kwa muda fundi alikuwa shujaa kila mahali paliponywewa kahawa.

Lakini mimi nilikwenda Kakuyuni, nikaona upande wa pili wa habari hiyo, ambao hausimuliwi. Udongo ule uliomwagwa juu ya ardhi ngumu ya huko haukushikana nayo. Ulikuwa umekanyagwa ndani ya magunia, umetikiswa njiani, umekauka juani kabla haujatandazwa. Mvua kubwa ya kwanza ilipofika, maji yalipita juu ya ile ardhi ngumu na chini ya ule udongo, yakauchukua. Nilimkuta fundi amesimama kwenye korongo dogo lililokata njia, akitazama udongo wake ukiteremka kuelekea bondeni, na vipande vya tetroni vikielea juu yake. Hakunisalimu. Mkewe alikuwa ndani. "Aliniambia," fundi akasema. Kilichosalia kilitosha tuta moja la vitunguu.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na silimalizi. Najua wako wasomaji watakaosema fundi alijiponza kwa ukaidi, na wako watakaosema alitenda haki yake. Mimi naona watu wawili walioharibu kitu kimoja, kila mmoja akiwa na maneno ya kweli mdomoni. Ardhi ilikuwa ya mrithi kweli. Kazi ilikuwa ya fundi kweli. Ila baina ya ukweli huo na huu hapakuwa na kipimo, na kitu kilichowachukua watu wawili miaka kukifanya kikaisha kwa juma moja. Huku kwetu mtu akitaka kuonyesha kwamba amefanya kazi mahali, hupanda mti, kwa kuwa mti huonekana. Anayelisha udongo kazi yake iko chini, na siku ya kuhesabu haina jina. Ndiyo maana wapangaji wa ardhi wengi, kutoka Marafa mpaka huku chini, hawaweki kitu shambani. Hulima juujuu, wakavuna walichopata, wakaacha ardhi ikiwa maskini zaidi ya walivyoikuta. Twawaita wavivu. Mimi siwezi tena kuwaita hivyo. Wameona yaliyowapata wenzao. Na wenye ardhi nao wanalalamika kuwa mashamba yamechoka, bila kujiuliza ni nani atakayeyalisha hali akijua kwamba siku yakinona ndiyo siku atakayofukuzwa.

Miaka yake ya mwisho fundi alianza upya. Alianza kama alivyoambiwa, polepole, kwa kapu, na mara hii mkewe ndiye aliyesema wapi na lini. Nilipokwenda niliwakuta wakifanya kazi bila kuzungumza sana, yeye akishika upande mmoja wa kapu na mkewe upande mwingine. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Siku moja aliniambia, akiwa amekaa kwenye kigoda na kuhema, kwamba kitu kimoja tu kilimuuma, nacho hakikuwa kiwanja. "Niliyoyapenda pale," akasema, "niliyavunja kwa mkono wangu ili mwingine asiyapate. Na nilifurahi, bwana wee. Wallahi siku zile nilifurahi." Kisha akaomba maji. Matuta ya Kakuyuni hayakuwahi kufika yalikofika yale ya kwanza. Yalikuwa yameanza tu kulainika alipolala kitandani, na hakuinuka.

Siku ya hitima, baada ya dua na chakula, wageni wengi walipokwisha kuondoka, tulibaki wachache ukumbini na kina mlamu. Mjane alikuwa ndani, nyuma ya pazia, katika eda yake. Kaka mkubwa alikuwa akimwambia, kwa upole, kwamba asiwe na wasiwasi wowote, akae, ale, na eda ikiisha ajilimie kama kawaida.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kaka, nitalima. Lakini kwanza nataka nikuulize, na wazee wako hapo wasikie. Nikiutia udongo huu samadi, ukalainika, utakuwa wa nani?"

"Dada, maneno gani hayo leo? Lima."

"Sikuuliza kama nilime."

Ndugu wadogo wawili walitazamana, na mtazamo ule sikuupenda, kwa kuwa kila mmoja wao ana wana wanaokua na ardhi yenyewe haikui. Kaka mkubwa akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba maadamu yu hai hakuna atakayemtoa dada yake mahali pale.

"Nimesikia, nashukuru," akasema yule mwanamke. "Na ukifa?"

Hakujibiwa siku ile. Wazee waliomba wapewe muda, na mpaka naandika haya muda huo haujaisha. Jembe la nyumba ile limelala uvunguni mwa kitanda, na mwenyewe ameapa kwamba hataligusa kabla hajapata jawabu mbele ya mashahidi. Baadhi ya watu wanamwona mkaidi kama marehemu mumewe. Mimi naona ndiye aliyejifunza. Kwa hivyo nawaambia wale wanaosoma safu hii na wanaoishi, kama wengi wetu, juu ya ardhi ya watu: ulizeni mapema, ardhi ingali mbovu na mwenyewe angali anacheka. Na ninyi wenye ardhi, jibuni.